Gari letu la kliniki lilinuka choo, tukamfukuza mama asiye na kosa

Glo-glo-glo-kwap.

Wakuu, salamu. Hiyo ndiyo sauti iliyonishtua Jumatatu asubuhi, ikitoka kwenye tundu la maji sakafuni mwa bafu. Ninayoyaeleza niliyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua hii hii. Bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Nakusanya data nikiwa kwenye gari la kliniki linaloegeshwa Kisumu Ndogo, Kibera. Zamani lilikuwa gari la watalii la kulala safarini, lenye jiko, kitanda na bafu. Kitanda sasa ni cha kupimia wajawazito, na choo ndicho wanachotumia kutoa sampuli ya mkojo.

Usafi ulikuwa kazi ya Mama Mutua, mzaliwa wa Kitui, mkaazi wa Kawangware. Watoto watatu, na kibarua hicho tu.

Jumatatu hiyo bafu lilinuka mayai yaliyooza. Mama Mutua akanionyesha lile tundu.

"Madam, hii shimo inakunywa maji. Namwaga, nikirudi iko kavu."

Nami, na shahada zangu, nikamsahihisha: shimo halinywi, mama, maji huteremka tu.

Akacheka. "Haya, mwalimu."

Kisha nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la mradi: "Choo cha gari kinanuka. Tafadhali usafi uzingatiwe."

Sentensi mbili. Nimezisoma mara nyingi kuliko sura yoyote ya tasnifu yangu. Sikumtaja mtu, najua. Lakini "usafi" katika gari lile ulikuwa na jina moja tu.

Jumatano Mama Mutua hakuwepo. Msimamizi wa mradi alikuwa amemwambia asirudi, na ushahidi wake ulikuwa ujumbe wangu.

Sasa sikilizeni. Mshtakiwa hayupo, na harufu imezidi! Mama mmoja anayeuza omena, dagaa wa ziwani, hatua chache kutoka kwetu akanipigia kelele mbele ya wateja:

"Daktari! Mimi nauza omena, na bado ni nyinyi mnanuka!"

Watu wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya Jumatatu. Nikamwaga maji tunduni na kumulika kwa tochi ya simu. Maji yakatulia, na baada ya dakika chache harufu ikapungua. Nikavuta maji ya choo. Glo-glo-glo-kwap. Nikamulika tena.

Kavu.

Lilikuwa linakunywa, wakuu. Mama alikuwa amenipa jibu zima kwa neno moja, nami nikamrekebishia lugha.

Iko hivi: chini ya tundu bomba lina kona, na maji yanayobaki pale ndiyo kizibo cha harufu. Tangi la uchafu nalo lina bomba lake la kupumua, linalotokea juu ya paa. Bomba hilo likizibwa, kila ukivuta ya choo, maji yanayoporomoka bombani hutafuta hewa penginepo. Hunyonya maji ya kwenye kona, kisha uvundo hupanda bila kizuizi.

Nikaomba ngazi, nikapanda paani. Juu ya bomba hilo kulikuwa na nusu ya chupa ya soda, imegandishwa kwa gundi ya silikoni.

Nikamuuliza Wafula, dereva wetu, ni nani aliyefanya hivyo.

"Si ni boss, prof. Wiki iliyopita mama wa omena alilalamika harufu inamshukia kutoka paani, boss akasema nizibe hiyo chimni. Ningekataa nikiwa nani?"

"Na Mama Mutua alipofukuzwa ukanyamaza?"

Akanitazama vizuri. "Kwani nani aliandika kwa grupu?"

Nikaenda kutafuta kisu.

Tuliikata ile chupa kwa kisu. Wafula akaongeza kipande cha bomba ili hewa itokee juu zaidi ya vichwa vya watu, akafunga wavu mdomoni. Tukajaza maji tunduni, tukavuta ya choo mara tatu. Kimya. Maji yalibaki palepale, yakimetameta.

Kwa hivyo, wenye magari ya aina hii, kabla hamjamlaumu mwenye ufagio, pandeni paani. Na mtu anayeshika kazi kwa mikono akikueleza jambo, mulika anapokuonyesha, sarufi itangoja. Kama kuna aliyewahi kumponza mtu kwa ujumbe wake, aeleze hapa alirekebishaje. Karibuni, hata kwa matusi.

Mimi niliandika barua pepe, nikaifuta, nikaandika nyingine, nikapima kama neno "pengine" liondolewe. Mara nne! Hatimaye nikampigia msimamizi.

"Harufu ilitokana na bomba uliloagiza lizibwe," nikamwambia. "Na ujumbe wangu ulimsingizia mtu. Mwite Mama Mutua arudi."

"Kwani siku hizi wewe ni fundi?"

"Mwite."

"Sawa, nitaangalia wiki ijayo."

"Una simu mbili. Mpigie kwa hiyo nyingine, mimi nangoja hapa."

Akavuta pumzi. Nikasikia akibonyeza, kisha mlio, mmoja, wa pili, wa tatu, na kwa mbali sauti ya Mama Mutua ikisema, "Haloo?"