Kahawa Niliyoianika Juu ya Bati

Mimi si mtu wa kushangazwa. Niliacha shule darasa la pili, nikabeba mawe ya kujengea mjini Arusha, na kwa mikono hii hii nikapanda kahawa na kuezeka nyumba. Enzi zile za Mwingereza, kwenye kitongoji chetu huku Meru, nyumba ya bati ilikuwa moja tu. Yangu.

Kilichobaki kilikuwa kiti kwenye kamati ya chama chetu cha wakulima. Mtu ambaye kahawa yake haikupata daraja la kwanza hakuchaguliwa. Hilo nililiona dogo. Wenzangu walianika kahawa kwenye vichanja, wakaigeuzageuza wiki mbili na kuifunika jua likiwa kali. Mimi yangu niliipandisha juu ya bati. Siku nne, imekauka!

“Baba watoto, bati linachoma,” mke wangu akasema.

Nikamwambia bati ni langu, yeye aangalie gunia lake la kahawa ya sadaka ya mavuno kanisani. Hiyo aliianika kwenye kichanja, kwa mwendo wa bibi zake.

Siku ya kupeleka, karani wa chama, kijana mdogo, aliniamkia shikamoo kwa adabu zote. Kisha akachukua punje moja, akaipasua kwa meno.

“Mzee, hii umeianika au umeikaanga?”

Foleni nzima ikacheka. Jirani yangu akadakia, “Leteni maji ya moto tunywe kabisa!”

Daraja la mwisho. Nikasema mwaka huo mvua imeharibu miti ya upande wetu.

“Hapana, mzee. Lile gunia la sadaka lililotoka kwako, kanisa limelileta juzi. Daraja la kwanza. Miti si ile ile?”

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi, kabla sijafika barabarani, nilishaweka lengo jipya: nihamie Oldonyo Sambu nikafuge ng'ombe. Nilipofika mtoni nikakumbuka ng'ombe wananiogopa, nami nawaogopa. Nikaamua kulima mahindi Nduruma. Kwenye kilima cha nyumbani jua likanikumbusha joto la Nduruma. Mlangoni nilikuwa nimebakiwa na lengo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote: kumwomba mke wangu anifundishe.

Alikuwa anamenya ndizi. Nilipomwomba, hakuinua macho.

“Fundi hafundishi bure, baba watoto. Nataka cherehani.”

“Cherehani! Kwa kugeuza kahawa?”

“Basi rudi juu ya bati lako.”

Msimu uliofuata niligeuza kahawa kama nilivyoamriwa, nikafunika nilipoamriwa. Nikapata daraja la kwanza, na kiti kwenye kamati nikakikalia. Wanachama wakinisifu kwa kuianika vizuri, huwaambia ni akili yangu mwenyewe, maana niliinunua: cherehani, mbao na wavu wa vichanja, shilingi mia mbili sitini na saba na senti arobaini.