Damu ya Zimamoto

Dereva wa jumba moja la Kiarabu mtaani Al-Malqa huendesha gari kwa mkono mmoja, mwingine ukipangusa vumbi ambalo halipo. Ndiye humpeleka kila mfanyakazi mpya wa ndani kupimwa damu ili apate ikama, kibali cha kukaa, na kila safari humnunulia juisi ya embe bila kuombwa. Asubuhi moja Keziah, mfanyakazi mpya, alikataa kushuka mlangoni pa kliniki. Bila kipimo angerudishwa Kenya, lakini wenzake walikuwa wamemwambia damu ile huuzwa.

"Mumiani," dereva alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Babu yangu alikuwa zimamoto Nairobi, enzi za mkoloni. Watu wakasema lile gari jekundu linanyonya damu. Nimeuliza wazee wengi, dada. Hakuna aliyejua hata jina moja la mtu aliyenyonywa. Mpira wa gari lile ulikuwa wa maji tu."

"Sasa uvumi ulitoka wapi?"

"Sijui. Ninachojua ni mawe. Walimvunja taya akija kuwazimia moto, na nyumba ikateketea. Damu iliyomwagika siku hiyo ilikuwa yake." Akachomeka mrija kwenye juisi. "Yalla, twende. Ni vichupa viwili vya damu. Ukiona cha tatu, niite."

Keziah alihesabu viwili. Alipotoka na pamba mkononi, alimkuta dereva kwenye benchi, ameikumbatia juisi, macho ameyafumba kama aliyedungwa yeye.

"Halas, imekwisha, anko," akamwambia. "Fumbua macho."