Siku Mama Alipoifuata Luberizi kwa Jembe

Juzi niliposikia redioni kwamba maeneo ya uchaguzi yatakatwa upya, harufu ya utomvu wa miti ya miyenzi ilinirudia puani.

Wakati wa uhuru baba aligombea kiti. Tuliishi Kasenga, lakini kura zake zilikuwa Luberizi, kwa wajomba zangu wakulima wa mpunga. Mchana mmoja alirudi viatu mkononi. Mshindani wake, jirani yetu mwenye duka, alikuwa amepatana na karani wa uchaguzi.

"Wamesogeza mpaka," alimwambia mama. "Luberizi iko inje ya eneo letu."

Mtoto huelewa kwa vitu anavyovijua. Mpaka nilioujua mimi ulikuwa ua wa miyenzi kati ya mashamba, na wezi wa ardhi waliusogeza kwa jembe. Basi mama alipochukua jembe, niliamini tunakwenda kuirudisha Luberizi.

Aling'oa ua wa jirani jua likiwaka, utomvu mweupe ukatuwasha macho. Mke wa jirani alitoka mbio.

"Mama Furaha, weye uko na wazimu?"

"Minye niko nasogeza mpaka. Bwana yako ndiye alinifundisha!"

Leo najua mpaka ule ulichorwa kwa kalamu, mahali jembe lisipofika. Yule bwana alikipata kiti, nami sijamsamehe. Lakini jioni ile mbuzi wa mtaa mzima waliingia shambani kwake, wakayavamia maharagwe. Alikuja kumsihi mama amwite angalau beberu wetu.

Mama hakuinuka. "Mwache amalize," alisema.