Spika ya Golikipa

Natengeneza simu hapa Durban. Juzi golikipa wa timu yetu, ninayempenda kupita kiasi, aliniletea simu yake, spika imekufa. Wiki hiyo mchezaji mpinzani aliyemwita shoga uwanjani alifungiwa mechi tano.

"Eish, kaka, mechi tano ni kidogo!" nilifoka nikikaza skrubu. "Mtu kama yule afungiwe maisha!"

Alitabasamu tu, mpole wa watu. Nikafungua video ya kwanza kwenye simu yake kujaribu spika. Likatokea jukwaa la nyuma ya goli, siku ile alipofungwa mabao matatu, na mimi mbele kabisa na jezi yangu ya njano, nikimpigia kelele neno lilelile.

"Imepona," akasema taratibu. "Nakusikia vizuri, kaka."