Umesikia kwa Watu, au Umesikia Mwenyewe?

Rafiki yangu alinitoa kwenye maumivu makali kwa vidole viwili tu.

Dakika hiyohiyo nikagundua kwamba yeye ndiye aliyenitia humo.

Kaa vizuri nikusimulie. Na kama wewe ni mwanaume wa makamo unayechelewa kutoka chooni, sogea karibu zaidi, maana haya yanakuhusu.

Mimi ni fundi makochi. Unaniletea kochi lililochakaa, nalivua nguo, nalibadilisha sponji, nalivisha upya, unarudi nalo nyumbani majirani wanadhani umenunua jipya. Karakana yetu ni chumba kirefu chenye mlango wa bati. Tuko mafundi wachache tu humo, pamoja na seremala na fundi rangi anayepaka vanishi kwenye miguu ya viti.

Fundi tuliyepakana naye, meza kwa meza, hapa nitamwita Sponji.

Huyu tumezikiana wazazi. Mke wangu anamwita shemeji, watoto wangu wanamwita baba mdogo. Mcheshi kupita kiasi. Mteja anaweza kuja amefura kwa sababu kochi lake limechelewa, Sponji akamchombeza maneno mawili matatu, akaondoka anacheka na kochi hajapewa.

Utani aliokuwa anaupenda kuliko wote ni wa wanaume waliopasuliwa tezi dume.

Akisikia mtu fulani kalazwa, anatikisa kichwa na kusema, "Basi huyo sasa ni dada yetu." Karakana nzima hoi. Na mimi nacheka humohumo, najifuta machozi.

Halafu yakanikuta.

Ilianza taratibu. Naingia chooni, nasimama mpaka miguu inakufa ganzi. Mkojo unatoka kidogo, unakata. Unatoka tena, unakata. Nafunga zipu, sijafika hata mlangoni, unanirudisha. Mke wangu akaona kwamba siku hizi chooni nakaa kuliko sebuleni, akasema twende hospitali.

Nikamuuliza kwanza Sponji. Nilimwambia kwa sauti ya chini, wengine wakiwa nje.

Hakucheka. Alinishika bega, akanitazama usoni.

"Fundi, usithubutu. Kile kisu kinammaliza mwanaume. Punguza maji ya kunywa, itapita yenyewe."

Nikamsikiliza yeye, nikamwacha mke wangu aongee. Alinisema, akanibembeleza, akaninunia. Nikawa namjibu kwamba Sponji anajua anachokisema.

Kumbe hapo nilikuwa sahihi kabisa.

Siku mkojo ulipogoma moja kwa moja, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, navuta kitambaa. Tumbo la chini limejaa na kukaza, jasho linanitoka, siwezi hata kusimama. Fundi rangi na seremala walinibeba juujuu mpaka hospitali. Sponji alibeba viatu vyangu.

Nikapasuliwa.

Daktari alikuwa mama mmoja asiyezunguka maneno. Aliniambia tezi wameimaliza na haina ugonjwa mbaya. Shida imebaki kwenye kibofu. Kimebeba mkojo mwingi kwa muda mrefu mno, kimelegea. Ningekuja mapema, pengine ningepewa vidonge nikarudi kazini.

Nitakaa na mpira kwanza, akasema, kisha watautoa waone kama kibofu kinaweza kusukuma chenyewe. Kikiweza, nimepona. Kikishindwa, mpira utarudi, na hakuna anayejua hadi lini.

Basi nikarudi nyumbani na mpira. Msinipongeze, siyo ule wa miguu. Ni mrija laini unaoingia mbele, palepale unapopajua, unafika kwenye kibofu, na huku nje unaishia kwenye mfuko wa plastiki. Unakojoa bila kujua kwamba unakojoa. Unatazama mfuko unavyojaa kama vile ni wa mtu mwingine.

Asubuhi moja mke wangu aliniweka kwenye kochi sebuleni, shuka kiunoni. Mfuko akaupandisha juu ya mkono wa kochi, karibu na kiwiko changu, ili usiguse sakafu. Usafi tu, hakuwa na kosa. Akaenda kazini.

Haukupita muda, nikaanza kubanwa. Nikajiambia mpira upo, utatoka tu. Hautoki. Nikasukuma. Hautoki. Kibofu kikaanza kujikamua chenyewe, maumivu yakawa yanakuja na kuondoka, yakija natafuna shuka. Nilimpigia mke wangu, simu yake ikaita chumbani.

Nikawa nawaza kwamba ndiyo basi, kibofu kimekufa, na mimi nakifuata.

Mlango ukafunguliwa. Sponji huyo, kaja kunijulia hali kabla ya kwenda karakana.

Hakuuliza kitu. Alipiga magoti mbele yangu, akauchukua mfuko pale juu ya mkono wa kochi na kuushusha chini, akaufunga kwenye mguu wa kochi. Kisha akaingiza vidole viwili chini ya paja langu, akaupata mpira uliokuwa umejikunja pale nilipoukalia, akauvuta taratibu na kuupitisha juu ya paja.

Mkojo ukashuka kwenye mfuko kwa kasi. Nililia, jamani. Mtu mzima, nililia kwa raha.

Yeye alikuwa bado amepiga magoti, ananifundisha.

"Mfuko usikae juu ya kiuno hata siku moja. Na usiukalie mpira. Halafu ukiona unabanwa na mkojo unashuka vizuri, usisukume. Kuna kiputo cha maji humo ndani kinachoushika mpira usichomoke, ndicho kinachokudanganya. Legeza mapaja, pumua kwa mdomo, itapita. Kibaya ni kikohozi tu. Ukikohoa, unachomwa mpaka unyayoni."

Nikaacha kujifuta machozi.

Mambo ya mfuko unaweza kuambiwa na mtu. Lakini kile kikohozi mimi mwenyewe nilikuwa nakijua, na sikuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata daktari.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

Sasa lugha yetu hii ina mambo yake. Habari unazisikia, na maumivu nayo unayasikia. Neno ni hilohilo.

"Umesikia kwa watu," nikamuuliza, "au umesikia mwenyewe?"

Sponji akaanza kukaza ile kamba ya mfuko, ambayo ilikuwa imeshakazwa. Alikaza kwa muda.

"Mwenyewe," akasema.

Ikabidi anieleze.

Kuna kipindi aliaga kwamba kapata kazi kubwa, kuvisha viti vya hoteli mji wa mbali. Mimi ndiye niliyebaki na makochi yake. Nilimaliza kazi zake zote kwa jina lake, nikawatuliza wateja wake. Aliporudi amekonda, akasema chakula cha kule kibovu, tukamcheka.

Hapakuwa na hoteli. Alikwenda kupasuliwa tezi dume, kisha akajiuguza peke yake kwenye chumba cha kupanga, mfuko wake ameufunga kwenye mkono wa ndoo. Hakuwa na wa kumnawisha wala wa kumletea maji. Yale yote aliyonifundisha alijifunza kwa kuumia humo ndani. Mke wake mpaka leo anajua kuhusu viti vya hoteli.

Ningemwonea huruma. Kweli kabisa, ningemkumbatia.

Lakini nikapiga hesabu ya lini. Mimi nilipomfuata kumwambia siri yangu, yeye alikuwa ameshapona. Anakojoa vizuri, analala vizuri na mkewe, hajamalizwa na kisu chochote. Akanishika bega na kuniambia nisithubutu.

"Kwa nini, Sponji?"

Alijibu akiangalia sakafu. "Ningekwambia nenda, ungeniuliza nimejuaje."

Hiyo tu. Hakuwa na kinyongo na mimi wala hakutaka wateja wangu. Aliogopa swali moja, akaona bora kibofu changu kife kuliko yeye kuulizwa.

Nilimchukia palepale. Nilimchukia huku mkojo wangu unashuka kwa sababu ya mkono wake.

Akaniomba nisimwambie mtu, hata shemeji yake. Nikamwambia sawa, siri yako nitaitunza, ila kwa sharti moja. Fundi rangi naye nimemwona anavyokaa chooni, na kila siku anacheka utani wako. Sitaki umsimulie yako. Acha ule utani, na umwambie aende hospitali. Akaapa.

Siku ya kutoa mpira ilifika. Muuguzi aliutoa, nikanyweshwa maji, nikatembezwa kwenye korido, wakanifungulia bomba nisikie maji yanavyotiririka. Nilisimama pale nikasukuma mpaka mishipa ya shingo ikauma. Yalitoka matone. Daktari akapima, akakuta mkojo karibu wote bado uko ndani.

Mpira ukarudishwa. Mke wangu alinishika mkono, akageuza uso ukutani nisimwone.

Mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa Sponji. Hasira ilikuwepo, lakini nani mwingine angenielewa? Akalia kwenye simu. Akaniambia nisikate tamaa.

Siku chache baadaye fundi rangi akaja kunitembelea na machungwa. Ni mdogo kwangu, mvi zimemwanzia juzijuzi. Kabla hajamaliza chungwa moja alikuwa ameshaingia chooni mara mbili. Choo chetu kimepakana na sebule, nikawa nasikia matone yake, na ukimya katikati.

Akarudi, akakaa, akautazama mfuko wangu.

"Pole, kaka. Sponji ametueleza. Kumbe kisu kimekuharibu kabisa, ndiyo maana mpira umegoma kutoka. Mimi nilikuwa nimeshajipanga kwenda hospitali, nikaahirisha."

"Amesema lini?"

"Jana, tunakunywa chai. Aliongea kwa uchungu sana."

Mara ya kwanza alininyima ukweli kwa woga, hilo ningejitahidi kulimeza. Lakini sasa alikuwa amechukua matone yangu ya hospitalini, yale niliyomsimulia yeye tu kwa simu, akaenda kumzuia nayo mtu mwingine.

Nikamwambia fundi rangi anisubiri nivae suruali.

Tulikwenda mwendo wa pole, mfuko nimeufunga mguuni. Karakana ilikuwa kazini. Sponji alikuwa ameinamia kochi la rangi ya zambarau, nyundo mkononi, misumari midogo mdomoni. Sisi mafundi makochi ndivyo tunavyofanya kazi, misumari unaibana kwa midomo, unachukua mmojammoja.

Wote wakasimama kunisalimia. Nikapandisha mguu wa suruali, wakauona mfuko.

"Tazameni vizuri," nikasema. "Hiki hakikuletwa na kisu. Kisu kimefanya kazi yake. Hiki ni cha kuchelewa. Daktari ameniambia kwa mdomo wake, ningewahi ningepewa vidonge. Niliambiwa nisiende, nikatii."

Fundi rangi ndiye aliyeuliza.

"Nani alikuambia usiende, kaka?"

Nikamtazama Sponji. Naye akanitazama. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Angejulikana karakana nzima, jioni hiyo mkewe angekuwa ameshapata habari, na ule utani wa dada yetu ungemrudia mwenyewe mpaka azeeke. Na mimi nilikuwa na kila haki.

Nikaona hapana. Niliahidi. Nikamwachia yeye nafasi, maana mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kutema misumari tu na kusema, "Ni mimi."

Nilingoja. Tulingoja wote, bila wao kujua tunangoja nini.

Sponji akachukua msumari mmoja mdomoni, akauweka kwenye kitambaa, akaendelea kugonga.

"Mtu niliyemwamini," nikamjibu fundi rangi, nikashusha suruali yangu.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe hospitali. Alipewa vidonge. Juzi kanipigia simu kunitambia kwamba sasa anakojoa akiwa anapiga mluzi, hata wimbo haumalizi. Nilicheka mpaka mfuko ukatikisika.

Mimi bado ninao. Daktari anasema tutajaribu tena, kibofu huwa kinachelewa kuamka. Sponji hajakanyaga kwangu. Mke wangu anauliza shemeji kapotelea wapi, namwambia kazi zimembana.

Wanaume wenzangu, ukiona mkojo unakata, nenda hospitali, tena nenda leo. Usimuulize rafiki anayecheka sana. Na kama wewe ulishapita humo ukapona, fungua mdomo. Kuna mwenzako meza ya jirani anasubiri umwambie tu kwamba ulirudi salama.

Siri ya Sponji bado ninayo. Urafiki ndio sina.