Aliyesimama Kushoto Kwangu

Enzi za Mwingereza nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Dar es Salaam. Hakimu akiuliza kwa Kiingereza, nageuka kushoto, kizimbani, nasema lile lile kwa Kiswahili. Mshtakiwa akijibu, namrudia hakimu kwa Kiingereza. Sharti lilikuwa moja, na nilifundishwa kwa ukali siku ya kwanza: usiseme "anasema ameiba." Sema "nimeiba." Mkalimani hana kinywa chake.

Basi nikaiba magunia ya sukari Kurasini. Nikampiga mke wangu kwa mchi. Nikachoma kibanda cha jirani huko Mbweni kwa ugomvi wa mnazi mmoja, na saa ya mapumziko nikatoka kwenda kunywa chai kwa maandazi.

Mwanzoni yalinisumbua. Mara ya kwanza niliposema "nimeua," chakula cha mchana kilinishinda. Baadaye yakaacha kunisumbua, na sitajifanya kwamba nilisikitika. Nilishukuru. Mtu mwenye mke, watoto, na baiskeli ya kukanyaga kutoka Temeke mpaka mjini kila asubuhi hawezi kuwa anaua watu halafu anakosa hamu ya kula.

Kilichonichoma, wakati nilipokuwa bado nachomeka, kilikuwa mawakili. Wote walikuwa Wahindi na Wazungu. Mwafrika aliyevaa joho la wakili nilikuwa sijapata kumwona kwa macho. Walisimama wakasema "napinga," "naomba," "naona," na aliyekuwa anaona ni wao wenyewe. Nilitamani hilo tu. Gari sikulitaka, na nyumba ya Oysterbay ningeifanyia nini. Nilitaka kusimama mbele ya hakimu niseme jambo nililolifikiri mimi. Nilimweleza mke wangu tulipokuwa wachumba, kule kwao bara, tukiwa tumekaa ukumbini kwa mama yake, na nadhani ndilo lililomfanya anikubali. Sura yangu haikuwa ya kumtoa mtu kwao.

Miaka ikaenda. Halafu zikaja habari kwamba serikali inatafuta Waafrika wachache wa kupeleka Uingereza kusoma sheria. Wakili mmoja wa Kihindi, mtu mzima ambaye nilikuwa nimemtafsiria kesi nyingi, alinishika mkono nje ya chumba cha mahakama.

"Bwana Mkalimani, peleka ombi. Wewe ndiye wa kwenda."

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe kazi hii inampendeza. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi? Baba yangu alikuwa na watoto wa kiume watatu. Wa kwanza akapewa duka, wa pili akapewa udaktari, mimi nikapewa kilichobaki. Mimi nilitaka duka." Akasema starehe yake katika uwakili ni zile dakika kati ya kesi moja na nyingine, anapokaa kwenye benchi akatafuna tambuu na hakuna anayemtazama. Hata hivyo nilipopeleka ombi alinisaidia. Alinifundisha watakayoniuliza siku ya kuhojiwa, na namna ya kuyajibu.

Mke wangu yeye moyoni alikwisha kufika Uingereza. Alinunua mnadani koti la sufu, zito, la rangi ya majivu, akalitundika msumarini sebuleni, na kila Jumamosi akalipiga brashi. Alikwisha kuwapelekea wazazi wake habari kwamba atakwenda kukaa kwao na watoto hiyo miaka nitakayokuwa masomoni. Jirani yetu, mama wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua barazani kwake, hakutuacha bila utani.

"Shemeji, koti hilo la kuvalia wapi? Mie nikilitazama tu natoka jasho."

"La Ulaya, dada," nikamjibu.

"Haya. Ukirudi usije ukanisemesha kwa kupitia puani, kitumbua nitakunyima."

Mke wangu alicheka kuliko sote. Mimi nililijaribu koti lile mara moja. Lilinienea vizuri. Nilitafuta moyoni ile furaha niliyokuwa nayo ukumbini kwa mama mkwe, sikuiona, nikajiambia itakuja nikishapanda meli.

Siku ya kuhojiwa niliwakuta Wazungu watatu nyuma ya meza ndefu. Wa katikati alikuwa na uso mwema. Waliniuliza shule niliyosoma, nikajibu. Wakaniuliza miaka yangu kazini, nikajibu, na Kiingereza changu kilikuwa safi, maana hicho ndicho kilichokuwa kikinilisha. Kisha yule wa katikati akaegemea kiti, akaniuliza kwa nini nataka kuwa wakili.

Nilimsikia vizuri. Nikageuka kushoto, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu ya mahakamani:

"Kwa nini unataka kuwa wakili?"

Nikangoja.

Kushoto kulikuwa na ukuta na kabati la mafaili. Nilingoja kama nilivyozoea, kichwa nimekiinamisha kidogo, kwa sababu wako watu ambao ukiwaharakisha wanachanganyikiwa. Sikuona ajabu yoyote. Nakumbuka nikiwaza tu kwamba huyu anachelewa kujibu, na hakimu hapendi hivyo.

Mmoja wao akakohoa. Hapo nikafahamu niko wapi. Nikawageukia, nikayatoa yote niliyofundishwa na yule wakili, bila kukosea hata neno. Walinisikiliza kwa adabu sana. Yule wa katikati akainuka akanifungulia mlango kwa mkono wake, na siku zile Mzungu akikufungulia mlango ujue nafasi umeikosa.

Nilirudi Temeke kwa baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepungua upepo, na hilo ndilo nililolifikiria njia nzima.

Mke wangu alikuwa amewapeleka watoto kwa jirani ili tuzungumze. Nikamsimulia yote kwa mpangilio, kuanzia lango mpaka mlango, kama ushahidi. Nilidhani atacheka au atanigombeza. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijipangusa mikono kwenye khanga, akakaa mbele yangu.

"Sasa nakuuliza mie, baba watoto. Kwa nini unataka kuwa wakili?"

Nililijua jibu lile. Lilikuwa la kijana mmoja aliyekaa ukumbini kwa mama mkwe zamani, na kama angekuwapo ningeweza kumtafsiria bila shida. Lakini langu halikuwapo. Nikajikuta nimegeuza shingo kushoto, kule msumarini.

"Usilitazame koti," akasema. "Nakuuliza wewe. Humu ndani hamna mtu mwingine."

Nikaendelea kulitazama. Akaanza kulia, polepole, halafu kwa nguvu. Nilijua kwamba mkewe akilia hivi mtu huona uchungu, na nikakaa nikiutarajia. Nikainamisha kichwa kidogo, nikamngoja amalize.