Sauti Mbili kwenye Gurudumu Moja

Gurudumu lenyewe ni dogo, liko pembeni mwa kinanda, upana wake kidole gumba. Likiwa chini, kompyuta iliyounganishwa nacho inatoa sauti laini ya mtu anayeimba. Likiwa juu, inatoa sauti kubwa. Katikati zinalia zote mbili, moja ikififia kadiri nyingine inavyopanda. Sikio hudanganyika likadhani ni mwimbaji mmoja anayepaza sauti, ilimradi kweli awe mmoja.

Mimi niliwaweka wawili. Sauti laini ilikuwa ya mama. Nilimrekodi chumbani kwetu Gongoni, godoro limeziba dirisha ili makelele ya bodaboda yasiingie. Ile kubwa ilikuwa ya shangazi, dada wa baba, kwa sababu mama akipaza sauti hupasuka. Sikuwaambia kwamba nimewaunganisha. Walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa baba, shangazi aliposimama mbele ya waombolezaji akasema mama alichelewa kumpeleka kaka yake hospitali.

Kwenye mazoezi ya kwaya, anakoimba shangazi, nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nilipoanza kupiga wimbo na kulipandisha gurudumu, akainua mkono.

"Rudisha. Hapo katikati. Huyo mwingine ni nani?"

"Ni sauti ya kujazia tu, shangazi."

"Uongo huo umeurithi ujombani. Pumzi ile naijua. Ni mama yako." Waimbaji wakaacha kufunua vitabu. "Nitoe humo. Leo hii."

"Nikikutoa, kinanda hakitakuwa na nguvu."

"Basi kinong'one. Si ndiyo kazi anayoijua? Kaka yangu anakata roho, yeye ananong'ona sala badala ya kuita gari!"

Nilifuta sauti yake palepale, mbele ya macho yake, na nakiri kila faili lililopotea lilinipa raha.

Nyumbani nilimweleza mama yote, hata lile la gari. Alikuwa anamenya viazi vitamu. Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda mwenyewe kuegemeza godoro dirishani.

"Washa."

"Mayu, sauti itapasuka."

"Nimesema washa."

Akaimba kwa nguvu zake zote, noti baada ya noti, na kila alipofika juu sauti ilichanika kama kitambaa kikuukuu. Ipo programu ya kulainisha nyufa za namna hiyo. Sikuigusa.

Mazoezi yaliyofuata, shangazi alikaa mstari wa mbele, amekunja mikono kifuani. Nilianzia chini, kwenye mnong'ono. Katikati palikuwa na mtu mmoja tu. Kisha nikasukuma gurudumu mpaka mwisho, sauti ya mama ikachanika usoni pa shangazi, nami nikaliacha hapohapo, ubeti baada ya ubeti, mpaka alipochukua kitabu chake cha nyimbo akatoka.